Heroe, Ulimbo na Ndege Asiyeulizwa



Wako wanaodhani kwamba kumpiga ndege picha ni kazi ya kidole: unaelekeza kamera, unabonyeza, ndege umempata. Siku moja tuliyoipitisha katika kisiwa cha Kupro, mapema mwezi wa Aprili, ilitosha kutuonyesha kwamba kidole ndicho kiungo chenye kazi ndogo kuliko vyote. Kazi kubwa ni ya miguu, na kazi yenyewe ni kutokwenda.

Tulifika huko kwa ajili ya binti yetu, aliyekuwa akisoma katika mji wa Nicosia, na ambaye tangu utotoni amependa kamera kama wenziwe wanavyopenda dhahabu. Yeye na mamake ndio waliomtafuta mwongozaji. Sisi tulifuata, kama wafanyavyo akina baba wengi katika safari za namna hii, kubeba mikoba na kulipa. Wala hatutaingia hapa katika khilafu ya maulamaa juu ya picha na hukumu yake. Mlango huo ni mpana na una mahali pake. Leo tunataka kuzungumza juu ya yule anayepigwa picha, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Kupro, ambacho vitabu vya tarehe vya Waarabu hukiita Qubrus, ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa katika Bahari ya Mediterania, baada ya Sicily na Sardinia. Kimekaa pembeni kabisa mwa bahari hiyo, upande wa mashariki: Uturuki iko kaskazini yake, Syria na Lebanon ubavuni, na Misri kusini. Kwa ndege atokaye Afrika akielekea Ulaya, baada ya kulivuka jangwa na kisha maji, Kupro ni bandari ya kwanza ya kutia nanga. Ndiyo sababu katika kisiwa kile wamepata kuonekana ndege wa aina zipatazo 400, na wengi katika hao si wenyeji. Ni wasafiri.

Nasi watu wa pwani hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha safari za misimu. Wazee wetu walingoja kaskazi iwalete na kusi iwarudishe, na mpaka leo ndege hawajaiacha ratiba hiyo. Mbayuwayu tunaowaona wamejipanga juu ya nyaya za umeme mithili ya shanga, wengi wao huja na kaskazi, na kusi ikianza kuvuma huwa wamo njiani. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, yaani vijiko vitano vya chai vya sukari. Kutoka pwani yetu hadi Kupro ni zaidi ya kilomita 4,000. Ndege wengi wadogo wanaovuka jangwa, kabla ya kuondoka, hula na kula hata baadhi yao uzito wao ukakaribia kuwa maradufu, na mafuta hayo waliyoyaweka chini ya ngozi ndiyo masurufu ya safari. Tunawaomba wasomaji walishike neno hili la masurufu, kwani mambo mengi ya siku ile yalilizunguka.

Tulimkuta mwongozaji wetu kando ya ziwa la chumvi la Larnaca kabla jua halijachomoza. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa mji huo, aliyefundisha shule miaka mingi kabla ya kuingia kazi hii, na sauti ya darasani ilikuwa haijamtoka. Kwanza alitukagua mavazi. Koti letu la buluu hakulipenda. Kisha akamtazama mama watoto katika buibui lake jeusi akasema kwamba huyu ndiye aliyevaa vizuri kuliko sote, mradi atulie, kwa sababu ndege hukimbia mwendo wa ghafla kuliko anavyokimbia rangi. Mama watoto hajaacha kutukumbusha maneno hayo.

Ziwa lile liko ukingoni mwa mji, karibu sana na kiwanja cha ndege, ndege za chuma. Wakati wa baridi mvua hulijaza, na wakati wa joto maji hukauka yakaacha gamba jeupe la chumvi ambayo zamani ilikusanywa na kuuzwa ng'ambo. Wakaao Gongoni na Kurawa, kwenye mashamba ya chumvi, wangejiona wako kwao. Ndani ya maji hayo makali hawaishi samaki. Huishi wadudu wadogo mfano wa vikamba, ambao mayai yao hustahimili ukavu wa kiangazi yakangoja mvua ijayo. Na vikamba hivyo ndivyo vinavyowaleta heroe kwa maelfu kila mwaka, kuanzia Novemba hata Machi. Rangi yao ya waridi, ambayo watu husafiri mbali kuitazama, si ya kuzaliwa nayo. Kinda la heroe ni la kijivu. Rangi inatoka katika chakula, nacho chakula kimeipata kutoka katika mimea midogo ya majini. Heroe asiyekula vizuri hupauka.

Sisi tulikuta kundi dogo lililochelewa kuondoka, wamesimama katikati ya ziwa huku vichwa vyao vimepinduliwa ndani ya maji, kwani heroe hula juu chini, mdomo wake ukiwa chujio. Jua lilipochomoza nyuma yetu, maji yakawa shaba na ndege wakawa waridi, na binti yetu akaanza kunyata kuusogelea mwambao.

Mwongozaji hakumkataza. Alimwambia tu atazame shingo. Vichwa vikiwa majini, ndege wanakula, na wewe si kitu kwao. Vichwa vikiinuka kwa pamoja, wamekuona. Wakianza kutembea wote upande mmoja, taratibu, kama watu watokao msikitini, basi mpaka umeuvuka, na hatua moja zaidi itawarusha. Heroe hainuki kama njiwa. Lazima akimbie juu ya maji mwendo mrefu ndipo apae, na gharama yake hulipwa kwa chakula alichokula tangu alfajiri. Picha ya heroe wakiruka, alisema, ndiyo picha inayopendwa kuliko zote na wapigaji wageni, na wako wanaowatimua makusudi ili waipate. Binti yetu akarudi hatua mbili nyuma, akalala kifudifudi juu ya mkeka, akangoja. Baada ya nusu saa ndege wenyewe, wakifuata chakula chao, wakasogea upande wetu.

Kwa wale wanaopenda kujua ya ufundi, kamera yake ilikuwa na lenzi ndefu ya milimita 600, ambayo uzito wake ni kama wa mtoto mchanga na haishikiki kwa mkono muda mrefu. Alipokuwa garini aliilaza juu ya kifuko cha mchele kwenye dirisha. Kwa ndege anayeruka aliiwekea kasi ya sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, la sivyo bawa huwa ukungu. Mengine ni mwanga. Saa mbili za mwanzo baada ya jua kuchomoza, na mbili za mwisho kabla ya kuchwa, rangi huwa laini. Mchana kati jua humchoma ndege akawa bapa. Hayo hujifunzwa kwa wiki moja.

Ng'ambo ya maji, katikati ya mitende na miti ya bustani, huonekana kuba na mnara. Ndipo alipozikwa Bibi Umm Haram bint Milhan, radhi za Allah ziwe juu yake, khaloo yake Anas bin Malik na mkewe Ubada bin Samit. Wasomaji wetu kina mama wanaijua habari yake katika Sahih Bukhari: Mtume, rehema na amani zimshukie, alilala nyumbani kwake, akaamka akicheka, akamweleza kwamba ameonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao. Bibi yule hakuuliza bahari ile ina hatari gani. Aliomba aombewe awe mmoja wao. Miaka ikapita, na katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, msafara wa kwanza wa baharini ulipovuka kuja Qubrus, naye alikuwamo. Akaanguka kutoka juu ya mnyama wake, akafariki, akazikwa ugenini. Msikiti uliopo leo ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, zama za utawala wa Uthmaniyya, na wenyeji hupaita Hala Sultan Tekke. Tuliingia tukaswali rakaa mbili. Uwanjani mmejaa paka, walioshiba na wasiomjali mtu, na binti yetu alitumia juu yao picha nyingi kuliko tulivyoona ni lazima.

Kutoka hapo twende Oroklini, maana ndiko kulikotokea jambo lililotufanya tuandike safu hii.

Oroklini ni ziwa dogo mashariki ya Larnaca, limebanwa na nyumba na barabara kuu ya magari, na asiyeambiwa atalipita akidhani ni dimbwi la mvua. Limehifadhiwa kisheria hasa kwa sababu ya ndege wa aina mbili wanaotaga pale. Mmoja ni mweusi kwa mweupe mwenye miguu myekundu mirefu kama fito. Wa pili ana utosi mweusi, mashavu meupe na kifua cheusi, na katika kila bawa ana mwiba, silaha yake ya vita. Jamaa zake hupatikana pia hapa Kenya. Watu wamejengewa vibanda vya mbao vyenye mianya ya kutazamia, ili waone bila ya kuonekana.

Yule mwenye mwiba alikuwa ameatamia mayai yake juu ya ardhi tupu, ng'ambo ya uzio, mbali kidogo na kibanda. Kwa darubini alionekana wazi. Kwa lenzi alikuwa mdogo, na majani makavu yalikuwa yakimkata kifua. Palikuwa na njia ya pembeni ambapo uzio ulikuwa umelala chini, na mtu mmoja wa kundi jingine, mpigaji picha mwenye mitambo ya thamani, alikwisha kupita hapo. Alikuwa amechuchumaa hatua kama ishirini kutoka kwa ndege, na ndege alikuwa ameinuka, akilia kwa sauti kali isiyokatika, mara akikimbia huku mara kule, akijifanya kana kwamba kiota kiko upande mwingine.

Binti yetu alitutazama. Hakusema neno, lakini mzazi humjua mwanawe. Alikuwa amengojea mwaka mzima siku ile, jua lilikuwa zuri, uzio ulikwisha kuvukwa na mwingine, na ndege alikwisha kuinuka. Akienda naye, ataongeza nini?

Mwongozaji ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza chake cha taratibu. Alisema mayai yaliyo wazi hayafi kwa sababu ya mtu mmoja. Hufa kwa sababu ya dakika. Dakika tano jua linayachoma. Dakika tano nyingine kunguru, walioko juu ya nguzo, wanaona mama anapopiga kelele na wanajua maana yake. Wasomaji wetu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa tabia za kunguru. Kila anayeingia baada ya mwenziwe huanza kuhesabu upya kutoka dakika ya kwanza, na hakuna anayejiona kuwa ndiye aliyeharibu. Kisha akatoka kibandani akaenda mpaka penye uzio, akamwita yule bwana kwa sauti ya mwalimu amwitaye mtoto aliyepanda juu ya dawati. Bwana alikasirika, akatoa maneno, lakini akatoka. Ndege alirudi juu ya mayai kabla hatujamaliza kuhesabu mia.

Nasi tukamkumbusha binti yetu habari aliyoisoma chuoni akiwa mdogo, iliyopokewa na Abu Daud. Masahaba walikuwa safarini, wakamwona ndege na makinda yake mawili, wakayachukua makinda. Mama akaja akitandaza mabawa yake juu ya ardhi. Mtume alipofika aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe. Linalotugusa katika habari ile ni kwamba hakungoja ndege adhihirishiwe madhara. Huzuni yake peke yake ilitosha kuwa hoja. Binti yetu alinyamaza, akairudisha lenzi kwenye mwanya wa kibanda, na akapiga picha yake ya mbali.

Barabara iendayo mashariki hupita katika eneo la Dhekelia, mojawapo ya maeneo mawili ya kambi za kijeshi ambayo Uingereza ilibaki nayo Kupro ilipopata uhuru mwaka 1960. Upande wa baharini ni Rasi ya Pyla, nyanda kavu zenye vichaka vya mikakaya. Hapo mwongozaji alipunguza mwendo lakini hakusimama. Alisema kwa miaka mingi hapa palikuwa machinjioni.

Kuna ndege mdogo, dume lake lina kofia nyeusi iliyokaa sawasawa kichwani kama ya mzee aendaye Ijumaa, na jike lake lina kofia ya hudhurungi. Huimba vizuri sana. Baadhi yao hupitisha miezi ya baridi katika nyanda za juu za Kenya. Wenyeji wa Kupro wa vizazi vilivyopita walimla, yeye na wenzake wa ukubwa huo, akiwa mzima, amechemshwa au kutiwa katika siki, na kitoweo hicho huitwa ambelopoulia. Kilikuwa chakula cha maskini ambaye hakuwa na nyama nyingine, na mwongozaji wetu hakuwaonea haya bibi zake kwa hilo. Shida ilianza kilipogeuka kuwa chakula cha anasa, kinacholiwa kwa siri na kulipiwa ghali. Wategaji wakaja na nyavu nyembamba zisizoonekana, wakazisimamisha baina ya miti usiku, na chini yake wakaweka vipaza sauti vinavyoimba sauti ya ndege huyo huyo, ili msafiri aliyechoka akiwa juu angani asikie kwamba chini kuna wenzake na kuna usalama. Wengine hutumia vijiti vilivyopakwa gundi iliyochemshwa kutokana na tunda la mti, wakavichomeka vichakani. Ndege akitua, hanasuki. Kila akijitahidi hunata zaidi.

Alipokuwa akitafuta neno la kutueleza gundi ile, binti yetu alisema peke yake, kwa Kiswahili: ulimbo.

Ndio, ulimbo. Lugha yetu inalo neno hilo kwa sababu mikono yetu inaijua kazi yake. Ni nani katika wanaume wa umri wetu waliokulia mashambani pwani asiyekumbuka utomvu wa mfenesi na ufito mtini? Watoto wetu wa leo wana manati. Hapa tutasema jambo moja la fikihi, kwa sababu tunaulizwa na kina mama ambao watoto huwaletea njiwa jikoni: ndege aliyekufa kwa pigo la jiwe la manati bila ya kudirikiwa kuchinjwa ni maukudha, halaliwi. Na aliyekutwa amekufa katika ulimbo au wavu ni mfu. Msimpike.

Kupro ulipiga marufuku utegaji huu mwaka 1974, na ulipoingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004 sheria za Umoja huo za kulinda ndege zikaongezwa juu yake. Shirika la BirdLife Cyprus limekuwa likihesabu mitego tangu mwaka 2002. Katika kambi askari wamefanya doria za usiku, na mikakaya iliyokuwa imepandwa na wategaji kwa ajili ya nyavu imeng'olewa kwa wingi. Mitego imepungua sana kuliko ilivyokuwa. Haijakwisha.

Lililotushangaza ni kwamba wavu ule ule una kazi nyingine, na kazi hiyo inafanyika kwetu. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969, kila ifikapo Novemba na Desemba, katika usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, watu husimamisha nyavu za namna hiyo hiyo karibu na taa za hoteli. Ndege wanaotoka Ulaya na Asia huvutwa na mwanga. Hunasuliwa mmoja mmoja, hupimwa uzito, huvishwa pete nyepesi yenye nambari mguuni, na huachiwa. Baadhi yao wamekutwa baadaye Mashariki ya Kati na hata Urusi, na pete zikasomwa. Tulipomweleza mwongozaji wetu habari hii, tukidhani tunamfundisha, alicheka: Ngulia alikuwa akiijua tangu zamani. Alituuliza sisi tumekwenda mara ngapi. Swali hilo tulilijibu kwa kutazama nje ya dirisha.

Rasi ya Greco ni ncha ya kusini mashariki ya kisiwa, majabali meupe na bahari pande tatu. Msafiri aliyevuka usiku kutoka Misri hutua popote aonapo kijani. Tuliwakuta wengine wamekaa chini ya vichaka wamefumba macho, mbele ya watu, hawana hata nguvu ya kuogopa. Mtu asiyejua husema ndege hawa ni wapole. Si upole, masurufu yamekwisha. Mwongozaji alitukalisha chini kila mmoja mahali pake, akatuamuru tusiinuke kwa saa nzima.

Katika kichaka jirani palikuwa na ndege mdogo wa kijivu mwenye madoa meusi kooni, katika wale wachache wasiotaga mahali popote duniani ila Kupro. Aliimba bila ya kujitokeza. Binti yetu alikuwa na programu ya simu yenye sauti za ndege, akauliza kama angeweza kuicheza kidogo ili dume atoke nje. Wapigaji wengi hufanya hivyo. Mwongozaji alisema dume atatoka, bila shaka. Ataacha kula, atamwacha jike, atakuja kumtafuta adui ambaye hayupo, na atarudi amechoka. Halafu akaongeza, akiielekea Pyla kwa kidevu: hila ya kuwaita kwa sauti yao wenyewe umekwisha kuambiwa ni ya nani. Simu ikarudi mfukoni.

Aliyemwona hudhud kwanza ni mama watoto, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa ametulia kweli. Alikuja akitembea, hakuruka, akichoma udongo kwa mdomo wake mrefu, kishungi chake kimelala. Alifika hatua nane kutoka kwenye miguu yake. Mama watoto hakupumua. Tangu utotoni tumemsoma katika kisa cha Nabii Suleiman, mjumbe aliyechelewa barazani akaja na habari za Sabaa, na hapa alikuwa anatafuta funza, ana vumbi mgongoni. Alitoa buu mmoja, akamrusha hewani, akamdaka, akameza. Binti yetu alipata picha hiyo, na kwa haki ni picha nzuri. Kishungi kilifunguka mara moja tu, kama upepeo, kelele za kerem ziliposikika juu.

Kerem walikuja kutoka baharini, thelathini au zaidi, wakiitana kwa ile sauti yao ya kuviringika ambayo Wakenya wengi wameisikia bila ya kuinua kichwa. Waliuzunguka ule mwamba mara mbili, shaba na buluu na manjano, wakaendelea kaskazini. Nyuma yao mbayuwayu walipita chini chini, karibu kugusa mawimbi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwanga ukatuishia.

Binti yetu alirudi na picha zaidi ya elfu moja, akazifuta nyingi, akabakisha kama arubaini. Hudhud ameiweka katika simu yake. Iliyotundikwa barazani kwetu ni ile ya Oroklini, aliyoichagua mwenyewe na kuilipia fremu. Ni nyasi kavu, ardhi ya kijivu na maji kwa mbali. Wageni huitazama kwa adabu, kisha huuliza ndege yuko wapi, na mama watoto huinuka kwenda kuwaonyesha kwa kidole.